Toyota IST inavuja oili pale injini inapokutana na giaboksi: je, ni lazima giaboksi ishushwe?

Mkazi wa Kihonda

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu na injini ya 1NZ-FE. Gari langu ni Toyota IST la mwaka 2004, lenye giaboksi ya otomatiki, na ninalitumia hapa Morogoro kwa safari za kila siku na mara mojamoja kwenda Dar es Salaam. Tangu masika yaishe nimekuwa nikiona madoa meusi sakafuni mahali ninapoliegesha, na kila nikipima oili asubuhi ninakuta imeshuka kidogo kuliko wiki iliyotangulia, ingawa taa nyekundu ya oili haijawahi kuwaka. Nikichungulia chini ninaona tone limening'inia mahali pa chini kabisa pale injini inapoungana na giaboksi, na sehemu yote ya nyuma ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imelowa na kushikwa na vumbi.

Fundi aliyeliangalia alilala chini ya gari kwa muda mfupi, kisha akasema ni sili ya nyuma ya krankshafti, yaani raba inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea kuelekea giaboksi, kwamba giaboksi haina budi kushushwa, na akataja laki tatu na nusu kwa ufundi peke yake. Sisemi kwamba ananidanganya. Ninachotaka kujua kabla sijatoa fedha hizo ni kama ipo njia ya kuhakikisha mwenyewe hapa nyumbani mahali oili inapotokea. Nina jeki, stendi mbili za chuma, seti ya spana na boksi, tochi nzuri, na sakafu ya saruji iliyo sawa. Jirani yangu ananishauri nisijisumbue, niweke tu oili nzito ya 20W-50 na uvujaji utapungua wenyewe. Mnasemaje?

Spana Namba Kumi

Ndugu yangu wa Kihonda, giaboksi iache mahali pake kwanza. Fundi wako huenda yuko sahihi, lakini kwa ulichoeleza hakuna mtu anayeweza kujua, kwa sababu mahali tone linapoangukia ni mahali pa chini kabisa pa injini, na oili yoyote inayotoka juu, iwe ni kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye swichi ya presha au kwenye filta, itateremka kwa kufuata mbavu za bloki, itasukumwa nyuma na upepo gari linapotembea, na mwisho wake itakusanyika palepale ulipoona wewe. Ukitazama injini iliyolowa kuanzia juu hadi chini unaona safari nzima ya oili, ila huoni ilikoanzia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha, na hii ndiyo kazi ambayo mafundi wengi hawaifanyi kwa kuwa mteja hapendi kuilipia. Injini ikiwa baridi, funika alteneta, koili za plagi na mdomo wa kuingizia hewa kwa mifuko ya plastiki, kisha pitisha brashi yenye mafuta ya taa kidogo kila palipo na uchafu mweusi, ukianzia juu. Usipake mafuta ya taa kwenye mkanda wa feni wala kwenye mipira ya kushikilia injini, kwa maana mpira ukilowa mafuta hulegea na kuoza. Suuza kwa maji ya sabuni ya kumwagia polepole, si kwa mashine ya presha, halafu futa kwa matambara na uache likauke kabisa kabla ya kuwasha. Hili la kukauka ni la usalama, kwa sababu mafuta ya taa yaliyobaki karibu na ekzosi ni moto unaosubiri kuwaka.

Baada ya hapo nyunyizia poda ya mtoto juu ya sehemu unazozishuku, hasa chini ya ukingo wa tapeti kava kuzunguka pande zote, kwenye mshono wa kava ya cheni ya taiming, kuzunguka shingo ya filta, kwenye swichi ya presha ya oili, na kwenye mshono wa sampu. Washa injini gari likiwa limesimama, iache mpaka ipate joto la kawaida, uzime, kisha angalia kwa tochi ukianzia juu kabisa. Poda iliyolowa hubadilika rangi mara moja, hata kama oili ni kidogo sana. Unachotafuta ni sehemu iliyo juu kuliko nyingine zote ambayo imelowa, wala usivutwe na pale palipolowa zaidi. Ukikosa kitu, endesha kilomita ishirini hivi ukaangalie tena, kwa sababu baadhi ya uvujaji hauonekani mpaka injini ifanye kazi chini ya mzigo. Mahali ambapo macho hayafiki, kwa mfano nyuma ya injini upande wa ukuta wa kabini, ingiza simu yenye taa na upige video. Siku hizi simu inasaidia kuliko kile kioo cha mkononi tulichokitumia zamani.

Jambo la pili ni wakati. Swichi ya presha na filta hukaa kwenye oili yenye presha ya pampu, kwa hiyo hutoa oili injini ikiwa inanguruma na hutulia ukizima. Tapeti kava haina presha ya pampu ndani yake, bali oili iliyorushwa juu na inayorudi chini, kwa hiyo ikivuja huteremka taratibu na inaweza kuendelea kudondoka hata baada ya kuzima. Tandika kipande cha katoni safi chini ya gari wakati injini inanguruma, kisha kibadilishe uweke kingine usiku kucha. Katoni hizo mbili zitakuonyesha mengi.

Na kuhusu sili ya nyuma yenyewe: kama kweli ndiyo, bloki ya injini upande wa giaboksi itakuwa kavu juu, na unyevu utaanzia ndani ya kengele ya giaboksi (ganda lake linaloungana na injini) na kutokea chini tu. Kama ukuta wa bloki juu ya mshono huo umelowa, basi oili imetoka juu na sili ya nyuma haijathibitika. Angalia pia rangi. Giaboksi yako ya otomatiki ina sili yake ya mbele inayovujia mahali hapohapo, lakini oili yake ni nyekundu ikiwa haijachakaa, na hunuka tofauti na oili ya injini.

Ukiinua gari, usilale chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Una stendi, zitumie, na uweke vizuizi kwenye matairi ya nyuma.

Probox wa Nakuru

Nakubaliana na mzee Spana kwa mengi, ila suala la maji mimi nalipinga. Probox yangu ina injini hiyohiyo ya 1NZ-FE, na nimeona magari ya wenzangu hapa Nakuru yakikataa kuwaka baada ya kuoshwa injini, kwa kuwa maji yaliingia kwenye visima vya plagi, yale mashimo plagi zinamokaa, au kwenye viungio vya nyaya. Mimi hutumia dawa ya mkebe ya kusafishia breki na matambara, sehemu moja baada ya nyingine. Inagharimu zaidi na inachosha, lakini hukauka kwa dakika chache na haiachi unyevu.

Kuna kitu ambacho hakijatajwa nacho kwa maoni yangu kingepaswa kuangaliwa hata kabla ya gasketi yoyote (kiziba mshono), nacho ni valvu ya PCV. Injini yoyote hupitisha kiasi kidogo cha gesi kati ya ringi za pistoni na silinda, na gesi hiyo huteremka kwenye sampu. Kazi ya PCV ni kuitoa na kuirudisha kwenye manifoldi ya hewa ili ichomwe. Ikiziba kwa masizi, gesi haina pa kutokea, presha hupanda ndani ya injini, na oili husukumwa nje kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Hapo utabadilisha sili leo na mwezi ujao itavuja nyingine, kisha utamlaumu aliyekuuzia vipuri.

Kuipima ni rahisi. Washa injini, iache iende polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi laini juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo au kutulia, hali ni njema; ikirushwa juu kwa nguvu pamoja na moshi, kuna presha. Halafu fungua valvu yenyewe uitikise karibu na sikio: nzima hulia kwa kugongagonga ndani, iliyoganda iko kimya. Ni kipuri cha bei ndogo. Lakini kama PCV ni mpya na bado injini inapumua kwa nguvu, basi ringi zimechoka, na hilo ni zungumzo jingine.

Binti Makenika

Kwa upande wa jirani na ushauri wake wa 20W-50: ninauona ni wa kuahirisha. Ni kweli kwamba oili nzito hupita kwa shida kwenye mwanya mdogo, kwa hiyo tone linaweza kupungua. Lakini 1NZ-FE ina VVT-i, yaani mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za kuingizia kwa kutumia presha ya oili kupitia njia nyembamba na chujio dogo. Oili nzito huchelewa kufika huko, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Fuata kijitabu cha gari. Kwa injini hii 5W-30 na 10W-30 ni za kawaida. Zile dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji nazo hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira wa sili. Huweza kusaidia kwa muda pale sili inapokuwa imekakamaa kidogo tu, lakini haziwezi kitu kwa gasketi iliyopasuka.

Ukifikia kwenye filta, hakikisha hakuna gasketi mbili. Wakati mwingine raba ya filta ya zamani hubaki imeganda kwenye injini, mtu akafunga filta mpya juu yake, na huo uvujaji si wa matone tena. Nati ya kumwagia oili nayo ina washa ambayo inapaswa kuwa mpya kila oili inapobadilishwa, ingawa wengi wetu tunairudisha ileile miaka na miaka.

Mkazi wa Kihonda

Ninawashukuru sana. Nimefuata njia ya mzee Spana kwa sehemu za chini na njia ya ndugu wa Nakuru kwa sehemu za juu, na jibu limeonekana. Baada ya kusafisha na kunyunyizia poda, swichi ya presha, filta na kava ya cheni vyote vilibaki vikavu. Kwenye kona ya tapeti kava, upande wa giaboksi na nyuma kabisa, poda ililowa, na video ya simu ilionyesha mstari mwembamba ukiteremka kutoka hapo kwenye ukuta wa bloki hadi juu ya kengele ya giaboksi. Katoni ya usiku ilikuwa na doa kubwa kuliko ile ya mchana. PCV haikulia nilipoitikisa, kwa hiyo nimenunua mpya pamoja na gasketi ya tapeti kava. Nilipochomoa koili nilikuta pia oili kidogo kwenye kisima cha plagi ya nne.

Sasa nahitaji kuelekezwa namna ya kuifunga gasketi hiyo. Muuza vipuri ananihimiza nipake silikoni pande zote mbili ili isivuje kamwe. Je, yuko sahihi?

Binti Makenika

Hapana, kaka. Gasketi ya raba inaziba kwa kubanwa ikiwa kavu. Ukiipaka silikoni yote, inateleza kutoka kwenye mfereji wake unapokaza, na vipande vya silikoni vinavyobanwa kuelekea ndani hukatika, huteremka na oili hadi sampu, na vinaweza kuziba chujio la pampu. Hapo utakuwa umetoka kwenye tone ukaingia kwenye kuua injini. Silikoni, ile ya kuvumilia oili na joto, inahitajika sehemu mbili tu: pale kava ya cheni inapokutana na kichwa cha silinda, mbele na nyuma, kwa sababu hapo vipande viwili vya aluminiamu vinaacha mwanya ambao raba haiwezi kuujaza. Tone dogo kwenye kila kiungo linatosha, na lipakwe baada ya kusafisha ile ya zamani yote.

Kazi yenyewe ianze injini ikiwa imepoa kabisa. Ondoa waya hasi wa betri, toa kifuniko cha plastiki, koili zote nne, mpira wa PCV na mpira wa kupumulia. Kila koili iwekee alama ya silinda yake. Zinafanana, lakini baadaye moja ikileta shida utataka kujua ilikuwa wapi. Kabla hujafungua kava, futa oili iliyo kwenye visima vya plagi kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, na upulize mchanga ulio pembezoni, kwa maana chochote kilichokaa juu kitaangukia kwenye valvu. Legeza boliti na nati za kava kidogo kidogo, ukizunguka kutoka nje kwenda ndani. Kava ikikataa kutoka, ipige kwa kiganja au kwa nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi kwenye mshono, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu ni uvujaji mpya ambao gasketi yoyote haitautibu.

Uso wa kichwa cha silinda usafishe kwa kipande cha plastiki na kitambaa chenye dawa ya breki. Msasa uache kabisa; chembe zake zikiingia kwenye oili zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Kagua mfereji wa kava kama una masizi, bandika gasketi mpya mpaka ikae vizuri kwenye kila kona, na kwa kuwa ulikuta oili kwenye kisima, hakikisha raba zinazozunguka matundu ya plagi nazo ni mpya. Zilizochoka huachia oili kwenye visima, na oili hiyo hulegeza mpira wa koili mpaka silinda moja ianze kukosa moto na injini itetemeke.

Kukaza ndiko watu wengi wanakoharibu. Boliti hizi zinahitaji takriban nyutoni mita 10 tu, kiasi ambacho mkono unakifikia kwa spana fupi bila kusukuma kwa bega. Kaza kwa awamu mbili au tatu, safari hii kutoka katikati kwenda nje. Ukiona mtu anatumia mpini mrefu kukaza tapeti kava, mwondoe hapo, maana nyuzi ndani ya aluminiamu hung'oka kirahisi kuliko anavyofikiri. Baada ya kufunga, iache silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija wake kabla ya kuwasha.

Probox wa Nakuru

Naongezea moja tu kwa maneno ya dada: gasketi ya zamani usiitupe haraka. Ikunje. Ikivunjika kama plastiki, una uhakika kwamba ndiyo iliyokuwa ikivujisha. Ikiwa bado inapinda vizuri na laini, tafuta sababu nyingine, kama boliti zilizolegea au kava iliyopinda kwa kukazwa kupita kiasi.

Mkazi wa Kihonda

Kazi imekamilika. Gasketi ya zamani haikungoja kukunjwa. Ilitoka vipandevipande ilipokuwa ikibanduliwa, na nilivihesabu mpaka nikahakikisha hakuna kilichobaki ndani. Nimeweka gasketi mpya, raba za visima na PCV, nikasafisha upya na kunyunyizia poda. Nimekwenda Dar es Salaam na kurudi, na kona ile ni kavu, visima vya plagi ni vikavu, na ukuta wa bloki juu ya giaboksi ni mkavu vilevile. Kilichobaki ni unyevu mwembamba kwenye mshono wa sampu upande wa mbele, usiofikia kuwa tone. Je, niufungue na huo?

Spana Namba Kumi

Kwa sasa hapana. Sampu ya chini ya injini hiyo ni ya bati na imebandikwa kwa silikoni, haina gasketi ya kununua. Kuishusha ni kumwaga oili yote, kukata silikoni ya zamani kwa kisu maalumu bila kupinda ukingo wa bati, kusafisha pande zote mbili mpaka ziwe hazina hata alama ya mafuta, na kubandika upya. Mtu akikosea hapo kidogo tu, unyevu utakuwa matone. Wala usikubali mtu akupakie silikoni kwa nje, kwa maana haishiki juu ya oili na itabanduka kabla ya oili nyingine kubadilishwa.

Futa mshono huo leo, na uufute tena utakapobadilisha oili. Kama ni unyevu tu unaoshika vumbi, unaweza kukaa nao kwa miaka. Ukianza kuwa tone, au kama kijiti cha kupimia kitaonyesha kushuka tena, hapo panga kuishusha siku ileile ya kubadilisha oili ili usiimwage mara mbili. Endelea kupima kila wiki, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, wala usiitegemee ile taa nyekundu. Taa ile inapima presha na si kiasi cha oili. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapohapo, kwa sababu huenda pampu tayari inavuta hewa.

Kijiti kikionyesha kushuka huku chini pakiwa pakavu, basi oili inachomwa ndani, na utaona moshi wa rangi ya bluu kwenye ekzosi, hasa unapowasha asubuhi au unapokanyaga tena mafuta baada ya kuteremka mlima. Ikitokea hivyo, fungua mada nyingine tuizungumze.

Oili chafu uliyoitoa usiimwage mtaroni. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Wanaopaka mbao ili kuzuia mchwa huitafuta, ila wavae glovu, kwa kuwa oili iliyotumika si kitu cha kuchezea kwa ngozi tupu.

Mkazi wa Kihonda

Nimekuelewa, mzee wangu. Nimeufuta mshono na kuuchora alama ya kalamu ya rangi pale unyevu unapoishia, ili nijue kama unasogea. Kesho nitampitia yule fundi nimwonyeshe video, kwa kuwa kazi ya breki za nyuma bado nitampelekea yeye.